Bawabu na Karani

Msomaji, yako maneno yanayokwenda huku na huku siku hizi katika nyumba zenye kompyuta, nayo husemwa kwa sauti ya ujuzi hata yakaaminiwa na watu wasio wajinga. Maneno yenyewe ni haya: kwamba programu ya kukinga virusi ni mzigo, kwamba hula nguvu ya kompyuta na kuzichelewesha programu za ofisi, yaani zile za kuandikia barua na kupangia hesabu, kwa hiyo mwenye busara huizima, akafanya kazi yake kwa raha. Nataka kuyapinga maneno haya, kwa sababu ni ya hatari, na hatari yake huwaangukia wanyonge kuliko wenye uwezo.

Fikiri juu ya nyumba yenye watumishi wawili. Mmoja ni karani, aandikaye na kuhesabu. Wa pili ni bawabu, akaaye mlangoni na kumtazama kila aingiaye. Karani hupendwa kwa kuwa kazi yake huonekana. Bawabu haandiki barua wala hajumlishi hesabu. Siku aliyomzuia mwizi ni siku ambayo halikutokea jambo lolote. Basi hulaumiwa kwa chakula anachokula, wala hashukuriwi kwa mali iliyosalia. Wanaotaka afukuzwe wana hoja nne. Tuzipime moja moja.

Hoja ya kwanza ni uzito. Hoja hii ina kweli ndani yake, wala sitaificha. Bawabu huikagua faili kabla karani hajaipokea, akailinganisha na alama za virusi vinavyojulikana. Tena huutazama mwenendo wa kila programu inayofanya kazi. Mambo haya hutaka nguvu, na katika kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ndogo mwandishi huona kuchelewa. Lakini dawa yake ni mpango, si kufukuza. Upekuzi wa diski nzima uwekewe saa ambayo kompyuta inawaka na hakuna anayeandika. Kisha tazama kama una bawabu mmoja au wawili. Kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na programu ya ulinzi ya majaribio; mnunuzi akaongeza nyingine juu yake, akidhani kwamba ulinzi maradufu ni usalama maradufu. Sivyo. Mabawabu wawili katika mlango mmoja hupekuana wao kwa wao, na faili moja hushikwa mara mbili. Windows ya siku hizi ina bawabu wake wa asili, aitwaye Defender, naye hujiweka kando mara programu nyingine ya ulinzi iingizwapo ipasavyo. Mmoja atosha. Mchague, mwondoe mwingine kabisa, na yule anayebaki umpe habari mpya kila siku, maana bawabu asiyejua sura za wezi wa leo ni sawa na aliyelala.

Hoja ya pili husema kwamba kompyuta ya nyumbani haina kitu cha kuibiwa. Ajabu ya maneno! Humo mna hesabu za chama cha mama, barua za kaka za kuomba kazi, nakala za vyeti vya shule, na picha za babu ambaye hatapigwa picha nyingine tena. Na wako virusi wasiotaka kuiba kitu. Hulifunga kila faili kwa ufunguo wa siri, kisha hudai fidia. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kuenea duniani. Kiliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, nacho kilidai dola 300 kwa kompyuta moja. Hospitali za Uingereza zililazimika kuwarudisha wagonjwa. Walakini dawa ya kuuziba ufa ule ilikuwa imekwisha kutolewa na Microsoft mwezi wa Machi mwaka uo huo. Walioumia ni wale ambao kompyuta zao hazikuipata. Kirusi kile hakikuuliza ni nani tajiri na ni nani maskini. Kilipita palipokuwa wazi.

Wala usiseme kwamba barua ni barua tu, haiwezi kudhuru. Programu za ofisi zina uwezo wa kubeba amri ndani ya hati, amri ziitwazo makro. Mwezi wa Machi 1999 kirusi Melissa kilisafiri ndani ya hati ya Word. Aliyeifungua alikipa nafasi ya kujituma kwa watu 50 wa kwanza katika orodha yake ya barua pepe, nao wakaipokea hati kwa imani kwa kuwa ilitoka kwa rafiki. Hapo karani mwenyewe ndiye aliyembeba mwizi mgongoni. Tangu mwaka 2022 Microsoft imezuia makro katika hati zitokazo kwenye intaneti, lakini kizuizi humfaa yule tu asiyekiondoa. Hati ikikuomba ubonyeze kibali ndipo isomeke, ifunge, ukamwulize aliyekutumia.

Hoja ya tatu ni kwamba bawabu naye hukosea. Ni kweli. Mwezi wa Machi 2006 programu ya ulinzi ya McAfee iliidhania Excel, programu ya hesabu isiyo na hatia, kuwa ni kirusi. Lakini hakimu akikosea hukumu moja, je, tutafunga mahakama zote? Kosa lile lilisahihishwa. Nawe ukiwa na faili njema iliyoshukiwa, ihakikishe kwanza, kisha mwambie bawabu aiache hiyo moja tu. Kumwamuru asitazame chumba kizima kwa ajili ya kiti kimoja ni kumwonyesha mwizi mahali pa kujificha.

Hoja ya nne ndiyo mbaya kuliko zote, nayo hunong'onwa. Wako mafundi wa vichochoroni wanaosema, "Zima ulinzi kwanza, nikuwekee programu ya ofisi bila malipo." Huleta programu iliyoibwa pamoja na ufunguo wa bandia; na kwa kuwa bawabu hupiga kelele auonapo ufunguo huo, hutaka azibwe mdomo. Kijana, jiulize: mgeni mwema hutaka taa zizimwe kabla hajaingia? Huwezi kujua ni nini kingine kilichofungwa ndani ya mzigo ule, na yule ambaye angekuambia umekwisha kumnyamazisha kwa mkono wako. Tena kazi ya mtungaji wa programu inalindwa na sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001, kama kazi ya mwandishi wa kitabu inavyolindwa.

Wao husingizia umaskini. Umaskini ni taabu ya kweli, lakini hapa si udhuru. Iko LibreOffice, iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo huandika barua, hupanga hesabu na hufungua hati za Word na Excel, nayo hutolewa bure kwa halali. Mlango wa halali uko wazi. Kwa nini mtu apitie dirishani?

Basi, msomaji, shika haya. Bawabu awe mmoja, awe macho, na apewe habari mpya. Karani naye apewe marekebisho yake kila yatolewapo. Na kwa kuwa hakuna bawabu asiyeweza kushindwa, weka nakala ya kazi zako katika diski ya pembeni, uichomoe umalizapo, kwa maana akiba haiozi. Atakayekuambia umfukuze bawabu ili karani aende mbio, mwulize neno moja: siku faili zitakapofungwa, yeye atakuwa wapi? Asipokuwa na jibu, usimpe kompyuta yako.