Umepigwa kalamu? Cheti kwanza, CV baadaye

Mwandishi wa programu akipigwa kalamu hapa Nairobi, ushauri wa kwanza anaopewa ni kutuma CV. Tuma hamsini, tuma mia, moja itanasa. Ushauri wa pili ni hadithi ya Steve Jobs, eti aliondoka Apple mwaka 1985 na baadaye akarudi kuiongoza. Jamaa alikuwa na mamilioni. Wewe una kodi ya nyumba tarehe tano na mama mboga anakudai.

Mimi nasema usitume CV hata moja kabla ya kudai cheti chako cha utumishi.

Najua kurudi kwenye ofisi iliyokufukuza ni aibu. Lakini huendi kuomba msaada. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamlazimu mwajiri kukupa cheti hicho kazi inapokwisha, mradi uliajiriwa kwa majuma 4 mfululizo au zaidi. Aliyefutwa na aliyeacha mwenyewe, wote wanapewa. Mwajiri akikataa makusudi ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sasa tazama yanayotakiwa kuandikwa humo: jina la mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, aina ya kazi na mahali ulipoifanyia, siku uliyomaliza. Sababu ya kuondoka haimo! Barua ya kukusifu ni kitu kingine. Hiyo halazimiki kuiandika, kwa hivyo usipoteze nauli ukimbembeleza.

Kwa watu wa kazi yetu karatasi hii ina uzito wa pekee. Seremala akifukuzwa, kitanda alichokitengeneza bado kiko chumbani kwa mtu, na anaweza kumpeleka mteja mpya akakione. Sisi akaunti zinafungwa saa nane mchana, na kufikia jioni kazi yako ya miaka mitatu imo ndani ya seva usiyoweza kuingia tena. Wengine hukimbilia kunakili kila kitu kwenye flashi. Acha. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, msimbo ulioandika ukiwa umeajiriwa ni mali ya mwajiri, isipokuwa kama mlikubaliana vingine. Nimewahi kuketi upande wa wanaohoji. Mtu akifungua laptopu atuonyeshe msimbo wa kampuni aliyotoka, hata uwe mzuri vipi, tunachokiona ni msimbo wetu ukionyeshwa kwa wengine mwakani.

Basi andika kitu kipya, na kiwe kidogo. Programu ya kusoma jumbe zako za M-Pesa ikuambie stima imekula ngapi mwezi huu na nauli ngapi, inatosha kabisa. Ifanye kwa majuma mawili, iwe inafanya kazi kweli, na uweze kueleza kila mstari. Mimi ningemwita huyo kwenye mahojiano kabla ya mwenye CV ya kurasa sita.

Vipi kuhusu mahakama? Kama walikufuta kwa kudai hufanyi kazi vizuri bila kukuita ujieleze, kifungu cha 41 kiko upande wako, na una miaka 3 ya kufungua kesi. Kodi ya nyumba haingoji miaka 3. Dai mshahara wa siku ulizofanya kazi, tunza barua zote, kisha shughulikia kazi mpya.

Na wakikuuliza kwa nini uliondoka, usiseme uliacha mwenyewe. Nairobi ni ndogo. Anayekuhoji huenda alisoma chuo kimoja na bosi wako wa zamani. Mimi nilipoulizwa nilijibu, "Nilifutwa, tulitofautiana kuhusu tarehe ya kukabidhi kazi," nikanyamaza. Akaandika neno moja kwenye karatasi yake, halafu akaniuliza ningepangaje jedwali la malipo ili mteja asikatwe pesa mara mbili. Tulizungumza juu ya jedwali hilo karibu saa nzima.