Risasi Isiyo na Mlio

Kiswahili kina jina moja kwa madini yaliyomo kwenye betri ya gari na kile kitu kinachotoka kwenye bunduki: risasi. Ile ya bunduki ikipigwa, mtaa mzima unasikia. Ile ya Owino Uhuru, kule Mombasa, haikulia. Ilitoka na moshi wa kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu, ikatua kwenye mabati, kwenye vumbi, kwenye vidole vya watoto. Kiwanda kilianza 2007. Kilifungwa 2014.

Wakazi walishtaki 2016. Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 na mtaa usafishwe. Haya, tukashangilia. 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitupa fidia hiyo, eti irudi chini ikapigiwe hesabu upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa kiwanda kikifunguliwa alikuwa amebakisha mwaka mmoja tu achukue kitambulisho.

Mimi chuo niliacha njiani, na hata sikuwa nasomea sheria, kwa hivyo mawakili msinirukie. Lakini Katiba nimeisoma. Kifungu cha 70 kinasema ukienda kortini kutetea haki ya mazingira safi, si lazima uonyeshe kwamba kuna mtu ameumia. Maana yake sumu izuiwe ikiwa bado iko nje ya mwili. Ikishaingia, risasi hujificha kwenye mifupa miaka na miaka, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Fidia ni pesa ya kuchelewa.

Sasa mnaniambia huu ni ushindi. Ushindi wa nani jamani? Korti iliibebesha NEMA asilimia 40 ya dhima. NEMA, ile ile tunayoilipia kodi itulinde! Na ikilipa, italipa na nini? Mama wa Owino Uhuru akinunua sabuni dukani, anachangia fidia ya mwanawe mwenyewe.

Mimi sitaki taasisi iadhibiwe. Taasisi haina mfuko, haina aibu, hailali macho. Kiwanda hakiwezi kufuka moshi miaka yote hiyo bila ofisa fulani kujua na kunyamaza. Huyo ana jina na ana mshahara, pengine siku hizi ana pensheni. Fidia ianze kukatwa hapo. Fungueni mafaili.