Fundi, Usifute Kabla ya Kuchunguza

Umezuka mtindo katika vibanda vya mafundi wa kompyuta, hapa Uriri kama ilivyo Migori na Awendo, ambao sharti ukemewe kabla haujaota mizizi. Mteja anapoleta kipakatalishi chenye mifumo miwili ya uendeshaji, Windows na Linux, akalalamika kwamba mmoja umetoweka baada ya mwingine kuboreshwa, jibu huwa lile lile: kila kitu kifutwe, Windows iwekwe upya. Mteja hulipa, akaenda zake na mashine inayowaka lakini isiyo na kazi zake.

Jambo hili halihusu wachache. Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 nayo hudai mashine iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi kuukuu zinazouzwa kwetu hazina. Kwa hivyo wenye mashine changa wamepanda hadi toleo jipya, na baadhi ya wenye mashine za zamani wameweka Linux, isiyolipiwa, kando ya Windows waliyoizoea. Mwanafunzi huandika tasnifu yake upande mmoja. Upande wa pili hujaza fomu na kuchapisha nyaraka. Ukimfutia diski, umemfutia mwaka mzima wa masomo.

Yafaa ieleweke kwamba, mara nyingi, mfumo uliotoweka haujaenda popote. Kompyuta za miaka ya karibuni huweka orodha ya mifumo iliyomo, na kwa orodha hiyo hujua ni upi utakaowashwa kwanza. Windows inapoboreshwa, aghalabu hujiweka kileleni mwa orodha. Linux ingali ndani ya diski pamoja na faili zake zote, ila mlango wa kuiingilia umesogezwa.

Tiba yake ni nyepesi kuliko ugonjwa. Mashine inapowashwa tu, hubonyezwa kitufe cha kufungulia orodha hiyo, nacho hutofautiana kwa kila mtengenezaji: F2, F9, F12 au Esc. Jina la Linux likiwemo, hupandishwa juu na kazi imekwisha. Lisipokuwemo, fundi huwasha Linux kutoka kwenye flashi na kuirudisha GRUB, yaani programu inayomwuliza mtumiaji angependa kuingia mfumo upi. Hakuna faili hata moja inayohitaji kuguswa. Tahadhari ni moja: ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, mwenye mashine atafute kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48, kwani Windows huenda ikaudai mipangilio hii ikibadilishwa.

Wala lawama si ya Windows peke yake. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti tena mifumo mingine ila iamrishwe. Hivyo mtu huboresha Linux, akashtuka kuona Windows imekosekana kwenye orodha. Hiyo nayo ipo, na mpangilio mmoja ukibadilishwa, hurejea.

Hata kisa kilichoenea duniani mnamo Agosti 2024 hakikuhitaji diski kufutwa. Sasisho la usalama la Microsoft la Agosti 13 lilizuia Linux kuwaka katika baadhi ya mashine zenye mifumo miwili, ijapokuwa kampuni yenyewe ilikuwa imesema mashine za aina hiyo hazitaguswa. Mtumiaji aliachiwa ujumbe wa Kiingereza uliomwambia tu kwamba kuna jambo limeharibika vibaya. Waliojua walizima kwa muda kinga iitwayo Secure Boot, wakaiondoa ile kanuni mpya kutoka upande wa Linux, kisha wakaiwasha kinga tena. Suluhisho rasmi lilikuja Mei 2025. Bila shaka wapo waliokwisha kufomati zamani.

Mafundi watanijibu kwamba ada ni ndogo, foleni ni ndefu, na kufomati hakuna shaka. Naikubali hoja ya foleni. Lakini kazi ninayoieleza hapa mara nyingi huchukua muda mfupi kuliko kuweka Windows upya. Na ikiwa diski yenyewe ni mbovu kweli, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kunakili faili kwanza. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha, na haki ya kupewa habari anazohitaji ili anufaike nayo kikamilifu. Mteja anayefutiwa diski bila kuelezwa kwamba ipo njia nyingine amenyimwa haki hiyo.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, fundi asifute diski ya mtu kabla ya kumweleza kilichoharibika na kupata idhini yake kwa maandishi, hata kama ni mstari mmoja daftarini. Pili, vyuo vya ufundi katika Kaunti ya Migori vifundishe urejeshaji huu kwa vitendo, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili. Lugha hii haishindwi: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili.

Nawe mwenye kompyuta, nakili kazi zako kabla ya kuboresha chochote. Na fundi akikwambia kwamba hakuna budi kufuta, mwulize ameangalia nini kwanza. Akikosa jibu, chukua mashine yako uende kwa mwingine.