Siku Mbili Edinburgh, Mwenyewe

Ukitaka kujua watu wanaifikiriaje ndoa yako, tangaza kwamba unakwenda kutembea peke yako. Si kikazi, si msibani, si kupeleka mgonjwa. Kutembea tu. Mama mkwe aliniuliza kwa upole kabisa, "Mama Neema, sasa mwenzio atakula wapi?" Shoga yangu mmoja wa kazini hakuzunguka: "Mmegombana?"

Hatukugombana. Nilikuwa na kazi London mwezi Mei, ikaisha Alhamisi, na ndege ya kurudi Dar ilikuwa Jumapili usiku. Mwenzangu mwenyewe ndiye aliyesema, "Umeshafika huko, si uende ukaione Edinburgh unayoisema kila siku?"

Treni kutoka London inachukua saa nne na ushei, inakushusha stesheni ya Waverley, bondeni kabisa, katikati ya miji miwili. Upande mmoja Mji wa Kale, majengo marefu ya mawe yaliyobanana juu ya mgongo wa kilima. Upande wa pili Mji Mpya, na usidanganywe na jina, maana ramani yake James Craig aliichora mwaka 1767. UNESCO iliiweka yote miwili kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1995. Vichochoro vya Mji wa Kale vitakukumbusha Zanzibar, ila huku ni ngazi tupu na upepo unaokuingia mpaka kwenye mifupa.

Barabara kuu ni moja, inaitwa Royal Mile. Juu kuna ngome iliyojengwa kwenye mwamba wa volkano iliyokufa, chini kabisa kuna kasri la Holyrood. Ni kama kilomita 2 kasoro kidogo. Wageni wengi huanzia ngomeni, nami nikafanya hivyo, saa saba kamili mchana mzinga ukalia, nusura nimwage kahawa. Wamekuwa wakiupiga tangu 1861, isipokuwa Jumapili na sikukuu chache.

Lakini kilichonikaa moyoni kiko kule chini, Holyrood. Malkia Mary wa Uskoti alifunga ndoa hapo Julai 1565 na binamu yake, Lord Darnley, kijana mrefu, mtanashati, wa kutupia macho. Haukupita mwaka. Darnley alitaka madaraka ambayo mkewe hakumpa, na watu wakamjaza maneno kwamba Mary na katibu wake Mtaliano, David Rizzio, wana lao jambo. Usiku wa Machi 9, 1566, Mary akiwa mjamzito anakula chakula cha usiku na wenzake, Darnley na kundi la wanaume wenye silaha wakaingia, wakamburuta Rizzio na kumchoma visu hadi akafa. Mtoto alizaliwa Juni hiyo hiyo, ngomeni, juu ya barabara ile ile. Februari 1567 nyumba aliyolala Darnley ikalipuliwa kwa baruti, maiti yake ikakutwa nje.

Kichumba alimokuwa anakula malkia bado kipo, na ni kidogo jamani! Nilisimama pale muda mrefu nikiwaza jinsi watu wanaolala nyumba moja wanavyoweza kushindwa kuulizana swali moja la kawaida. Ningekuwa na mtu pembeni, angeshanivuta mkono twende tukale.

Jumamosi asubuhi nikapanda upande wa chuo kikuu. Hapo Mtanzania huhitaji kuelezwa sana. Julius Nyerere alisoma hapo kuanzia 1949, akahitimu shahada ya M.A. mwaka 1952. Ninachopenda kuwakumbusha wanandoa vijana ni kwamba aliondoka akiwa na mchumba. Yeye na Maria walikuwa wamekubaliana mwishoni mwa 1948. Zaidi ya miaka mitatu, bahari katikati, hakuna simu ya kiganjani, hakuna "umeonekana mtandaoni saa sita usiku, ulikuwa unachati na nani?" Alirudi kwa meli Oktoba 1952, na Januari 1953 wakafunga ndoa Musoma. Sisi mtu akichelewa kujibu meseji nusu saa tumeshaita kikao.

Mimi na mwenzangu tulikubaliana mapema: meseji moja asubuhi, simu moja usiku. Basi. Sikutuma picha ya kila sahani wala ya kila kona, na kiukweli siku ya pili niligundua kwamba simu yangu usiku ina mengi ya kusimulia. Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo, mazungumzo yetu yalikuwa ada ya shule, luku na fundi wa bomba.

Kula peke yako ndiyo sehemu ngumu, sikufichi. "Meza ya watu wangapi?" "Mmoja." Mhudumu anaondoa sahani ya pili mbele yako, na unahisi mgahawa mzima unakutazama. Hawakutazami. Agiza haggis, ambayo ni moyo, maini na mapafu ya kondoo yaliyosagwa na shayiri na vitunguu. Mpenzi wa supu ya utumbo hatashtuka.

Halafu kuna Arthur's Seat, kilima cha mita 251, ambacho kwa mtu wa nchi ya Kilimanjaro ni kichuguu. Lakini kipande ukiwa na viatu vya maana. Mei hadi Julai saa tatu usiku bado unaona njia, jambo la faraja kwa mwanamke aliye peke yake. Hata hivyo mwambie mtu wa mapokezi unakokwenda.

Kama mfuko ni mwembamba, Makumbusho ya Taifa ni bure, na kondoo Dolly wa mwaka 1996 amehifadhiwa humo. Epuka Agosti, mwezi wa matamasha, maana bei za vyumba hupaa. Na noti zinazochapwa na mabenki ya huko zimalize kabla hujapanda treni, maana London baadhi ya maduka huzikunjia uso.