MBWA WA USIKU, MCHANA NI WA NANI?

Ndugu wanakijiji,

Umeme ulikatika wiki iliyopita siku tatu, usiku na mchana, na kila mtu ameshasema yake, kilabuni mpaka kisimani. Sisi hatulirudii. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa Februari 2024, lakini mti ukiangukia nguzo moja huku kwetu megawati zote hizo tunazisikia redioni tu. Nguzo imesimamishwa, taa zinawaka, basi. Leo tunasema juu ya mbwa.

Maana siku zile tatu tuliishi kwa mbwa. Taa za nje zilizima, simu zikaisha chaji, mlinzi wa ghala naye tochi ikamfia mkononi. Aliyekesha ni nani? Mbwa. Hakuna zizi lililovunjwa wala kuku aliyeibwa. Asubuhi watu wakapita wakijisifu: "Mbwa wangu jana hakulala!" Wangu. Lishikeni neno hilo.

Siku ya pili, Jumanne, maziwa yakaharibika. Tangi la Ushirika hupoza maziwa mpaka nyuzi 4, na bila umeme tangi ni pipa tu. Wengine walikuwa na akili, wakagandisha mtindi mapema, tunawapongeza. Yaliyobaki yakamwagwa nyuma ya kituo badala ya kufukiwa shimoni. Mbwa wa vitongoji vyote wakaja kama wamealikwa harusi, wakalamba, wakagombana. Mtoto wa darasa la tatu alikuwa anapita na kidumu chake cha maji. Mmoja akamng'ata shavu la mguu.

Tukauliza: mbwa huyu mwenye baka jeupe ni wa nani? Jamani! Kimya. "Si wangu, huwa anapita tu." "Nadhani wa kitongoji cha juu." Mbwa aliyekuwa na mwenyewe Jumatatu usiku, Jumanne mchana kawa yatima.

Ndugu, hili si jambo la kucheka. Kichaa cha mbwa kiko katika mate. Mtu akishang'atwa na mbwa mgonjwa, ugonjwa unaweza kukaa kimya wiki nyingi, hata miezi, na siku dalili zinapotokea hakuna dawa ya kumrudisha. Anakufa. Kinga yake ni kuwahi. Bibi wa mtoto huyu aliwahi: aliosha kidonda kwa sabuni na maji ya kumiminika dakika 15 kamili, hakupaka majivu wala mafuta, kisha akampandisha pikipiki kwenda hospitali. Bibi huyo tumesoma naye kisomo cha watu wazima, na tunaona fahari. Mtoto ameanza sindano. Si moja, ni kadhaa, kila moja na siku yake, na hata moja isirukwe.

Sasa wengine wanasema, kama mtoto anachomwa sindano, mwenye mbwa wa nini tena? Wa kazi kubwa. Mbwa aliyeng'ata akijulikana, anafungwa na kuangaliwa siku 10. Akifika siku ya 10 mzima, anakula, anakunywa, hana dalili, basi siku ile alipong'ata mate yake hayakuwa na ugonjwa. Daktari akijua hivyo anajua la kufanya, na mama wa mtoto anapata usingizi. Akianza kuugua au kufa, tunajua pia, na mbwa wengine waliogombana naye tunajua pa kuwatafuta. Mwenye mbwa akijificha, yote hayo tumeyatupa.

Tunafahamu kinachowafunga watu mdomo: gharama. Kamati ya Ushirika imekaa Jumapili na kukubaliana hivi: mwenye mbwa atakayejitokeza, nauli na gharama za mtoto zitatolewa na Ushirika kwanza, naye atalipa polepole kwa maziwa. Anayekana halafu akagundulika, atalipa mara moja. Huo ndio uamuzi, na sisi tunauona wa haki.

Kuna maneno mengine yanatembea. Eti chanjo ya mbwa imeoza kwa sababu umeme ulikatika. Chanjo hutunzwa baridini, nyuzi 2 mpaka 8, hilo ni kweli, lakini haijawahi kulala kijijini hapa. Mtaalamu wa mifugo huileta asubuhi ile ile katika boksi la barafu, na barafu haiulizi umeme. Eti tena mbwa aliyechanjwa anakuwa mpole, habweki. Uongo. Huenda akachoka siku moja, kisha anarudi zamu. Dawa yenyewe si ngeni: Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto aliyeng'atwa mwaka 1885, mwaka ule ule Wajerumani walipoanza kujitwalia nchi yetu. Na wataalamu wanatuambia mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hauna pa kupita. Hapa kwetu mwaka jana kamba zilizofika uwanjani zilihesabika kwa vidole.

Paka nao wachanjwe. Na waliotega sumu ya panya gizani waache, imeua paka wawili wa ghala, na panya sasa wanatembea juu ya magunia kama wajumbe wa kamati.

Chanjo ni Jumamosi hii, saa 2 asubuhi, uwanja wa ghala. Mbwa waje na kamba, washikwe na watu wazima, si watoto. Watoto wa mbwa waletwe pia. Paka waje ndani ya kikapu chenye kifuniko au gunia. Asiye na kamba aazime kwa mzee wa stoo, na airudishe.

Kwa mwenye mbwa wa baka jeupe: leo Jumatatu ni siku ya sita. Tunamsikia akibweka usiku, hivyo yu hai. Mfunge, mpe maji, uje ofisini, hata usiku. Jina lako hatutaliandika ukutani.

Katibu