Kengele ya Gesi si Kazi ya Mwenye Fleti Peke Yake

Leo siandiki kuhusu lugha za programu. Naandika kuhusu kidude cha plastiki kilichoko ukutani mwa fleti ya binamu yangu, kule Ontario, Kanada.

Alinipigia simu akinung'unika. Kidude kinalia "pi!" mara moja, kinanyamaza, halafu baada ya muda mfupi kinalia tena. Watoto hawalali. "Wewe si ndiwe msomi wa kompyuta? Niambie nakizima vipi." Nikamwuliza mgongoni kimeandikwa mwaka gani. 2014. Basi nikamwambia kidude hicho kimezeeka, anunue kingine kesho asubuhi. Akabisha: "Mbona taa yake ya kijani ingali inawaka?" Na fleti yake iko juu kabisa ya maegesho ya magari!

Kidude hicho ni kengele ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hutoka popote mafuta, gesi, kuni au makaa yanapoungua bila hewa ya kutosha. Ikiingia mwilini hung'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Unaumwa na kichwa, unasinzia, huamki.

Sheria ya Ontario ilitokana na msiba. Desemba 2008, katika mji wa Woodstock, polisi Laurie Hawkins, mumewe Richard Gignac na watoto wao wawili walikufa kwa gesi hii baada ya bomba la moshi kuziba. Mwaka 2013 bunge la jimbo likapitisha sheria yenye majina yao, na kanuni zake zikaanza kutumika tarehe 15 Oktoba 2014.

Kanuni hizo za 2014 zilinifurahisha kama mwandishi wa programu, kwa sababu aliyeziandika alifikiria ujirani. Katika majengo ya fleti nyingi, kengele ilitakiwa karibu na vyumba vya kulala ikiwa fleti ina chombo kinachochoma mafuta. Vilevile fleti iliyo juu, chini au ubavuni mwa chumba cha mitambo au maegesho ilitakiwa iwe nayo. Yaani unaweza kupika kwa umeme tu, na hatari ikakujia kutoka kwa boila usiyoimiliki peke yako.

Hapo ndipo ninapoona hitilafu. Hatari ni ya jengo zima, lakini kengele iliyo ndani ya fleti huachiwa mwenye fleti. Ni kama kumwambia kila mtumiaji atunze nakala zake za akiba, wakati seva ni moja na inaweza kuzimika kwa wote. Mnajua jinsi hadithi hiyo huisha.

Tatizo la pili ni kwamba watu hawajui kidude kinafanya nini. Hakilii mara tu kinaponusa gesi. Kwa kiwango cha Marekani kiitwacho UL 2034, gesi ikifika sehemu 70 kwa milioni ya hewa, kengele hulia baada ya saa 1 hadi 4. Ikifika 150, ni dakika 10 hadi 50. Ikifika 400, ni dakika 4 hadi 15. Ndani mna programu ndogo inayokadiria sumu iliyokwisha kuingia damuni. Ila kihisi chake huchakaa, kwa kawaida kati ya miaka 5 na 10, na programu nzuri haiwezi kuokoa kihisi kibovu. Ndiyo maana hulia "pi!" moja moja kuomba betri au kustaafu. Milio minne mfululizo ndiyo ya kukimbia.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kila fleti iwe na kengele, lakini orodha iwe ya shirika la wamiliki. Tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kuisha, nani aliijaribu mara ya mwisho. Lahajedwali moja inatosha! Kengele zibadilishwe zote siku moja kwa pesa za mfuko wa pamoja. Wapo watakaosema nyumba ni yangu, nisiingiliwe. Sawa, lakini kengele ya jirani ikilia mapema, wewe nawe unaamka.

Na sisi Kenya? Hatuna boila za kupasha nyumba joto, lakini tuna jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku wa baridi ya Julai, na jenereta inayonguruma kwenye maegesho ya chini stima ikipotea. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, wenye fleti wana hatimiliki zao na shirika lao, na shirika linaweza kujiwekea kanuni. Hatuhitaji kungoja msiba ndipo bunge liandike sheria yenye majina ya marehemu. Mkutano ujao wa wamiliki, weka kengele kwenye ajenda kabla ya rangi ya lango.

Binamu yangu alinunua mpya. Ya zamani alitaka kumpa jirani, nikamwambia aitupe.