Nauli ya Kurudi Nyumbani

Akina mama mnaoishi katika kambi za Jinja na Mbale, juma hili ukurasa wetu unavuka bahari hadi Unguja. Tutazame yaliyowapata askari polisi wa huko zaidi ya miaka sitini iliyopita. Ni habari ya bunduki, lakini chanzo chake kimojawapo kilikuwa godoro, masufuria na watoto wasio na nauli.

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba, 1963. Ilikuwa nchi ndogo ya visiwa isiyo na jeshi, na ulinzi wake wote ulikuwa mikononi mwa polisi. Wengi wa polisi hao waliandikwa kutoka bara, maana watawala wa kikoloni walipenda askari mgeni, asiye na mjomba wala shemeji katika mtaa anaoulinda. Desturi hiyo haikuwa ya Unguja peke yake, na wazee wetu waliowahi kuvaa gwanda wanaijua.

Serikali mpya iliwatilia shaka watu hao wa bara. Iliona kuwa mioyo yao ilielekea chama cha upinzani cha Afro-Shirazi, ambacho katika uchaguzi wa Julai 1963 kilipata kura nyingi lakini viti vichache. Basi ikawaachisha kazi, na nafasi zao zikashikwa na watu wasio na uzoefu. Sikatai kwamba kila serikali ina haki ya kuchagua nani atabeba silaha zake. Linalonisumbua mimi ni namna walivyoachishwa: waliambiwa kazi imekwisha, wala hawakupewa nauli ya kurudi kwao.

Hebu fikiri, mama. Nyumba ya kambini ni ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imekwisha. Baba amerudisha gwanda na mkanda. Kati yenu na nyumbani ipo bahari. Mtakula nini kesho, na mtalala kwa nani? Baba huyo amepoteza mshahara, lakini bado anajua ghala la silaha liko wapi, mlango wake unatazama upande gani, na zamu ya usiku hubadilishwa saa ngapi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, 1964, watu wenye mapanga na silaha nyingine hafifu walivamia kambi ya polisi ya Ziwani, wakavunja ghala na kutwaa bunduki. Miongoni mwao walikuwamo askari walioachishwa. Aliyejitangaza kuwa kiongozi wao alikuwa John Okello, mzaliwa wa Lango, huku kwetu Uganda. Siku hiyo hiyo serikali ilianguka, na Sultani Jamshid bin Abdullah akakimbia kwa merikebu. Katika siku zilizofuata watu wengi waliuawa, hasa Waarabu na Wahindi, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo. Mapinduzi yale yalikuwa na sababu nyingi, za ardhi, za kura na za chuki za zamani, wala sisemi kwamba nauli peke yake iliangusha dola. Nasema tu kwamba gharama ya kuwasafirisha wale askari na jamaa zao ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha na yaliyotokea.

Jinja haikukaa mbali na mambo hayo. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 23 Januari, askari wa Uganda Rifles waliasi katika kambi yao hapo hapo Jinja, wakamzuia Waziri Felix Onama aliyekwenda kuwasikiliza. Dai lao kubwa lilikuwa mshahara. Wanajeshi wa Uingereza waliitwa kuzima uasi huo, lakini mshahara ulipandishwa.

Basi turudi jikoni. Wakubwa wanaotia sahihi barua za kuachisha kazi nawaomba jambo moja: barua na nauli vitoke siku moja. Lakini sisi wa nyumbani tusingoje wakubwa. Mke wa askari anayekaa Jinja na ambaye kwao ni Mbale hana budi kujua bei ya gari la kupakia mizigo kupitia Iganga na barabara ya Tirinyi, na awe na akiba ya kiasi hicho, mbali kabisa na karo ya shule. Wanajeshi wana chama cha akiba cha Wazalendo, na polisi wana Exodus. Mwulize bwana kama anaweka humo, na kiasi gani. Namba yake ya kazi ijue kwa moyo. Barua yake ya kuandikwa kazi, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vikae katika mfuko mmoja usiopenya maji, kwa kuwa bati la kambini huvuja bila taarifa. Na jina la mrithi katika faili lake, je, ni lako, au bado ni la kaka yake aliyeandikwa kabla hamjaoana?

Mama mmoja wa Mbale ameniuliza kama si uchuro kumwuliza bwana habari za kuachishwa kazi naye angali kijana. Si uchuro. Mwulize siku ya mshahara, chakula kikiisha kuliwa na watoto wamekwisha kulala.